Mpaka na Malisho: Historia ya Ranchi ya Familia katika Nyanda za Kajiado

Kajiado, kaunti ya Kenya iliyoko kusini mwa Nairobi na inayopakana na Tanzania, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambamo historia nzima ya ranchi inaweza kufuatwa katika ardhi ile ile na katika muda wa karne moja, kuanzia malisho ya pamoja ya wafugaji wa Kimaasai, kupitia hifadhi ya kikoloni na ranchi za vikundi, hadi shamba la familia moja lenye hati miliki na uzio wa seng'enge. Ranchi, kwa maana itakayotumika hapa, ni eneo la malisho lenye mpaka unaotambuliwa na sheria, ambamo mwenye mifugo ana haki ya kuzuia mifugo ya wengine, na ambamo, kwa sababu hiyo hiyo, analazimika kupata nyasi, maji na kinga ya maradhi kwa mwaka mzima bila kuvuka mpaka wake. Wapangaji wa maendeleo walishughulika zaidi na ile haki, ilhali wajibu huu wa pili ndio ulioamua hatima ya karibu kila ranchi iliyoanzishwa Kajiado. Familia ya kifugaji ilikuwa na desturi za kale na makini sana za kumiliki ng'ombe mmoja mmoja. Nyasi ilizipata kwa mapatano na majirani, na kila mpango uliojaribu kuzifungia nyasi ndani ya mpaka wa mwenye ng'ombe ulivunjwa na ukame mkubwa wa kwanza uliofuata.

Mvua ya Kajiado huja kwa misimu miwili, vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi, na katika sehemu kubwa ya nyanda za Kaputiei kiasi chake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 800. Wastani huo, hata hivyo, hauelezi jambo lililo la msingi kwa mfugaji, yaani kwamba mvua hiyo hunyesha kwa mabaka: bonde moja likapata maji ya kutosha kuotesha nyasi mpya, na jingine lililo umbali wa kilomita 20 likabaki kavu hadi msimu unaofuata. Ndiyo maana jamii ya Wamaasai ilijigawa kwa maeneo mapana, kila moja likiitwa olosho, yaani sehemu ya jamii yenye nchi yake na uongozi wake wa rika. Kaputiei, Matapato, Keekonyokie, Loodokilani na Kisongo ni baadhi ya sehemu hizo. Ndani ya olosho nyasi zilikuwa za wote, kisima kilikuwa chini ya aliyekichimba na ukoo wake, na mfugaji aliyetaka kuingiza ng'ombe katika nchi ya olosho nyingine aliomba ruhusa, akijua kwamba wenyeji wake nao wangekuja kuomba kwake siku mvua ingegeuka.

Hata hivyo si kweli kwamba malisho hayo yalikuwa hayana utaratibu, kama maofisa wengi wa kikoloni walivyoandika. Karibu na kila boma, yaani makao ya familia kadhaa yaliyozungushiwa ua wa miiba, palitengwa olopololi, kipande cha malisho kilichohifadhiwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa wasioweza kutembea mbali, na kundi kubwa lilipelekwa mbali wakati wa mvua ili nyasi zilizo karibu na maji ya kudumu zibaki kwa ajili ya kiangazi. Umiliki wa ng'ombe wenyewe ulikuwa na ngazi zake. Mwanamke alipoolewa aligawiwa ng'ombe ambao maziwa yao yalikuwa chini ya mamlaka yake na ambao uzao wao ulikusudiwa wanawe wa kiume, hivyo kundi lililoonekana la mzee mmoja lilikuwa kwa hakika mkusanyiko wa mafungu ya wake na watoto wake. Mwanamke huyo ndiye aliyeamua kila asubuhi na jioni ni kiasi gani cha maziwa kingekamuliwa na kiasi gani kingeachwa, na desturi ya kukamua chuchu mbili huku ndama akinyonya nyingine mbili ilikuwa njia ya kuigawa riziki ya siku hiyo na kundi la miaka minne baadaye. Zaidi ya hayo, wanaume walipeana mitamba, yaani ng'ombe jike wachanga ambao hawajazaa, na kwa zawadi hizo wakafungamana na marafiki waliokaa mbali, ambao ukame au maradhi yaliyopiga upande mmoja huenda yasingewafikia.

Mfumo huo ulijaribiwa vikali mwishoni mwa karne ya 19. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilienea katika miaka ya 1880, kisha sotoka, ugonjwa wa virusi ulioingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea mwaka 1887 au karibu na hapo, ukafika Umaasaini mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe, na ndui pamoja na njaa vikafuata. Serikali ya kikoloni ilipoanza kugawa ardhi kwa walowezi iliikuta jamii iliyokuwa bado inalijenga upya kundi lake, na utupu wa muda wa malisho ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba ardhi haina mwenyewe. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na kuwaweka katika hifadhi mbili, moja Laikipia kaskazini na nyingine kusini. Mkataba wa 1911 ukaifuta ile ya kaskazini, ingawa ule wa kwanza ulikuwa umeahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Walioupinga uhamisho huo walifungua kesi mahakamani, na mwaka 1913 mahakama ikaamua kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya dola na dola na kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Uamuzi huo ulikuwa dhuluma, na matokeo yake katika ufugaji yalikuwa ya wazi: wafugaji walibaki na nchi kavu zaidi, wakiwa wamepoteza malisho ya nyanda za juu yaliyokuwa kimbilio lao la kiangazi.

Katika ardhi iliyochukuliwa ndimo ulimojengwa mfano wa ranchi ambao baadaye ungependekezwa kwa kila mfugaji. Lord Delamere, mlowezi aliyepewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, alileta kondoo na madume ya ng'ombe kutoka ng'ambo, akapoteza wanyama wengi kwa maradhi na kwa upungufu wa madini katika udongo wa Njoro, na baadaye akahamishia sehemu kubwa ya ufugaji wake Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, akiwategemea wachungaji wa Kimaasai ambao ujuzi wao ulikuwa mkubwa kuliko wa msimamizi yeyote aliyeajiriwa kutoka Uingereza. Adui mkubwa wa ng'ombe wa kigeni alikuwa ndigana kali, ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kinachoitwa Theileria parva na kuenezwa na kupe wa masikio, ambao ndama wa kienyeji wanaoupata wangali wadogo huweza kuustahimili wakabaki na kinga, lakini ng'ombe mkubwa mgeni kwa kawaida hufa katika wiki chache. Kutokana na hofu ya ugonjwa huo vilienea vitu vitatu ambavyo vimekuwa alama ya ranchi hadi leo: seng'enge ya kuzuia mifugo ya jirani, josho la kuogeshea ng'ombe kwa dawa ya kupe, na dume la mbegu iliyochaguliwa. Kilichosahaulika wakati mfano huo ulipoanza kuhubiriwa ni kwamba mlowezi alikuwa na makumi ya maelfu ya ekari, alikopesheka benki, na alilindwa na karantini, yaani amri ya kuzuia mifugo isitoke katika eneo, iliyoifunga hifadhi ya Wamaasai kwa vipindi virefu na kuwanyima soko washindani wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianza kuujaribu mfano huo ndani ya Kajiado yenyewe. Mwaka 1946 eneo la mfano lilitengwa karibu na Konza, likapewa familia chache zilizokubali kupunguza mifugo, kuogesha na kuzungusha malisho, yaani kulisha kipande kimoja huku vingine vikipumzishwa. Na katika miaka ya 1950 mradi mkubwa zaidi wa malisho ulianzishwa kwa Wakisongo, ukiwa na visima vipya vya mitambo na ratiba ya kuhama kutoka eneo moja hadi jingine. Ukame wa 1960 na 1961 uliyavunja yote mawili, kwa kuwa wenye mifugo nje ya mipaka waliingia walipokuwa na haja na walio ndani wakatoka walipoishiwa, na mwishoni mwa 1961 mafuriko yakawaangamiza wengi wa wanyama waliokuwa wamekonda. Taarifa za serikali ziliueleza mwisho huo kuwa ni ukaidi wa wafugaji, lakini mwenendo wa mifugo yenyewe ulionyesha kwamba eneo lililotosha katika mwaka wa kawaida halikuweza kutosha katika mwaka wa saba au wa kumi, na kwamba mradi haukuwa na mpango wowote kwa mwaka huo.

Wakati huo huo ranchi binafsi zilianza kukatwa Kaputiei na Ngong, nyingi zikiwa za ukubwa wa mamia ya hekta, kwa machifu, watumishi wa serikali na wafugaji waliosoma. Baadhi yao walifunga malisho yao kwa seng'enge na kuendelea kulisha katika malisho ya pamoja nje ya uzio, wakihifadhi nyasi zao kwa kiangazi huku wakila za wengine wakati wa mvua. Wazee wa Kaputiei walitambua upesi kwamba, utaratibu huo ukiendelea, vijana na maskini wangebaki bila nchi, na hofu hiyo, pamoja na ile ya wageni waliokuwa wakiingia kutoka kaskazini na mashariki baada ya uhuru wa 1963, ndiyo iliyowafanya wakubali pendekezo la ranchi za vikundi.

Ranchi ya kikundi, kama ilivyowekwa na Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi) ya 1968, ilikuwa eneo la ardhi lililosajiliwa kwa jina la wanachama wote kwa pamoja, chini ya wawakilishi wasiopungua watatu na wasiozidi kumi, huku mifugo ikibaki mali ya kila familia. Benki ya Dunia na wafadhili wengine waligharimia majosho, mabwawa na visima kwa mikopo iliyopitia Shirika la Fedha za Kilimo, na ranchi za kwanza zilipangwa Kaputiei, kisha zikaenea sehemu nyingine za Kajiado na Narok. Kwa upande wa usalama wa ardhi mpango huu ulifanikiwa kuliko wakosoaji wake walivyokubali, kwani uliwapa wafugaji hati katika kipindi ambacho ardhi isiyo na hati ilikuwa ikitoweka. Kwa upande wa ufugaji ulijengwa juu ya makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kila familia ingekubali mgao, yaani idadi ya juu kabisa ya ng'ombe iliyoruhusiwa kwa kila mwanachama. Mgao huo uliandikwa katika mipango na haukutekelezwa karibu popote, maana hakuna mwakilishi aliyekuwa tayari kumwamuru shemeji au mzee wa rika lake auze mitamba. Kosa la pili, lililo zito zaidi, lilikuwa kudhani kwamba familia ilifuga kwa ajili ya nyama.

Hesabu ya nyama na hesabu ya maziwa hutofautiana kwa namna ambayo inaeleza mengi katika historia hii. Mwenye ranchi ya nyama humwachia ndama maziwa yote, humhasi dume mapema, humnenepesha na kumuuza, na hupima mafanikio yake kwa kilo. Familia iliyoishi kwa maziwa ilihitaji ng'ombe wengi wanaonyonyesha kwa zamu ili pasiwe na mwezi mkavu, na iliuza maksai, yaani madume waliohasiwa, pale tu haja ya fedha ilipotokea, iwe ya unga, ya dawa au ya karo ya shule. Zaidi ya hayo kundi la zebu wadogo wa Afrika Mashariki hukua polepole: mtamba huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, na nusu ya ndama wake ni madume, hivyo familia inayoanza na ng'ombe jike watano huchukua miaka mingi kufikia kundi la kuilisha, na kwa kawaida ukame hufika kabla kundi halijakamilika. Kuweka wanyama wengi kuliko ilivyoshauriwa na bwana mifugo, jambo lililolaumiwa kwa miongo mingi kama tamaa ya sifa, kulikuwa kwa sehemu kubwa akiba ya kuanzia upya, kwa sababu anayeingia katika ukame na ng'ombe 60 akatoka na 20 bado ni mfugaji, ilhali anayeingia na 15 akatoka na watano hulazimika kutafuta kazi mjini.

Katika ukame wa miaka ya 1970 mipaka ya ranchi za vikundi ilivukwa pande zote, na kamati ziliruhusu uvukaji huo kwa sababu wanachama wao walihitaji ruhusa ya namna hiyo hiyo kwingine. Ranchi iliyosajiliwa kama kisiwa iliendelea hivyo kutumika kama sehemu ya olosho. Kilichoimaliza kilitoka ndani: mikopo ya pamoja isiyolipwa, kamati zilizokaa madarakani bila uchaguzi, na kizazi cha vijana waliokuwa wamefikia utu uzima baada ya orodha ya wanachama kufungwa. Katika miaka ya 1980, kwa kutiwa moyo na viongozi wa kitaifa walioiona hati binafsi kuwa njia ya maendeleo, ranchi moja baada ya nyingine Kaputiei, ikiwamo Kitengela, ilipiga kura ya kugawanywa. Ugawaji haukuwa wa haki. Katika ranchi nyingi wanakamati na jamaa zao walijitengea viwanja vikubwa zaidi na vilivyo karibu na maji au barabara, na kwa kuwa orodha za wanachama ziliwahesabu karibu wanaume peke yao, wajane wengi walioendesha makundi yao wenyewe walijikuta wakitegemea huruma ya shemeji au mwana. Watu hao walikuwa wafugaji kwa kila kipimo isipokuwa kile cha daftari, na madhara ya kosa hilo yangali yanaonekana katika kesi za ardhi za Kajiado.

Baada ya ugawaji ndipo ranchi ya familia, kwa maana kamili iliyotajwa mwanzoni, ilipoanza kuwa hali ya kawaida. Mahitaji yake yanaweza kukadiriwa kwa urahisi: ng'ombe mmoja wa kilo 250, kipimo kinachotumiwa na wataalamu kama uniti moja ya mifugo, hula takriban kilo sita za majani makavu kwa siku, yaani zaidi ya tani mbili kwa mwaka, na katika nyanda hizi hekta kadhaa huhitajika ili kumpatia kiasi hicho bila kuharibu mizizi ya nyasi. Familia yenye hekta 40 iliweza kwa hiyo kulisha ng'ombe wachache tu mwaka mzima, na ilipogawia wana watatu au wanne kila mmoja hakubaki na ranchi bali kiwanja. Wengi walijibu kwa kubadili aina ya mnyama. Madume ya Sahiwal, mbegu ya Bara Hindi iliyozalishwa katika kituo cha taifa Naivasha tangu miaka ya 1960, na ya Borani, iliyotoka kwa Waborana na kukuzwa na walowezi wa Laikipia, yalienea Kajiado hata zebu halisi akawa adimu katika sehemu nyingi, kwa kuwa chotara hutoa maziwa mengi zaidi na hupata bei nzuri zaidi mnadani. Mnyama mkubwa, hata hivyo, hula zaidi na hudhoofika mapema nyasi zinapokwisha, kwa hiyo faida ya mwaka mwema ililipiwa katika mwaka mbaya. Majosho ya pamoja yalipokufa kwa kukosa msimamizi, kila familia ilinunua bomba lake la kunyunyizia dawa ya kupe. Na chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga karibu na Nairobi katika miaka ya 1970, ambayo kwayo mnyama huambukizwa vijidudu hai huku akipewa dawa ya kuvizuia, ilikubaliwa kwanza kwa wingi zaidi na Wamaasai wa upande wa Tanzania kuliko katika nchi ilikobuniwa.

Soko nalo lilibadilika. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950 na yenye kiwanda chake Athi River, ilikuwa kwa muda mrefu mnunuzi mkuu, lakini ilidhoofika, ikafungwa na kufufuliwa tena mwaka 2006, na katika pengo hilo minada ya Bissil, Kajiado na Emali pamoja na machinjio ya Kiserian na Dagoretti ikawa ndiyo inayoamua bei. Mwenye ranchi ndogo huuza huko akiwa dhaifu kila mara anapolazimika kuuza kwa wakati ule ule wanaouza wengine wote, yaani shule zinapofunguliwa na nyasi zinapokauka.

Katika nyanda za Kitengela, zilizo upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, uzio ulileta madhara ya aina nyingine. Nyumbu na pundamilia waliokuwa wakitoka mbugani kila mvua inaponyesha walizuiwa na seng'enge, viwanda na nyumba, na idadi ya nyumbu ikashuka sana. Wafugaji walikuwa wamezoea kuwaondoa ng'ombe wao mahali nyumbu wanapozalia, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza homa inayoua ng'ombe, lakini familia iliyofungwa katika kiwanja chake haikuwa tena na mahali pa kuwahamishia. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango uliowalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba wasijenge uzio, wasilime na wasiuze, na malipo yakatolewa kwa awamu tatu zilizolingana na mihula ya shule. Kwa familia nyingi fedha hizo zilikuwa mapato ya kwanza ya uhakika kutokana na ardhi yenyewe, ingawa hazikuweza kushindana na bei ya mnunuzi wa viwanja.

Ukame wa 2009, na baadaye ule wa kuanzia mwishoni mwa 2020 ambamo misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, uliwakuta wenye hati na uzio katika hali moja na wasio na chochote: ng'ombe wa Kajiado walionekana wakilishwa kandokando ya barabara za Nairobi, na wengine wakapelekwa hadi Tanzania. Sehemu zilizostahimili vizuri zaidi zilikuwa zile zilizobakiza nafasi ya kuhama. Olkiramatian na Shompole, ranchi za vikundi katika Bonde la Ufa karibu na Magadi, ziliendelea hadi karne ya 21 kutenga eneo la kiangazi ambalo kamati hulifungua kwa tarehe inayokubaliwa na wanachama wote. Hata katika maeneo yaliyogawanywa, ndugu na majirani wameanza kuyaunganisha tena malisho yao, wakiondoa uzio wa ndani, wakihifadhi upande mmoja kwa kiangazi, na kukodisha nyasi kwa mwezi kutoka kwa wenye ardhi wasio na mifugo, wakiwamo wajane walioipata hati baada ya mabishano marefu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, iliyoifuta ile ya 1968, inazitaka ranchi za vikundi zilizosalia zisajiliwe upya kama ardhi ya jamii, na inamtambua kila mwanajamii, mwanamke na mwanamume, kuwa mwenye sauti katika mkutano unaoamua jinsi malisho yatakavyotumiwa.